Mtoto akihara, rudisha maji kabla ya kutafuta dawa

NA DAKTARI WETU

Kuhara ni ugonjwa ambao kila mzazi anaujua, na pengine ndiyo sababu wengi huudharau. Mtoto huanza kuendesha Jumatatu, majirani wakasema ni meno yanaota. Jumanne anatapika kila anachopewa, naye mama anakimbia duka la dawa kununua chupa mbili tatu. Jumatano macho yamezama na sauti ya kulia imekwisha. Ikifika Alhamisi anabebwa mbio hadi hospitali akiwa amelegea, na familia nzima inauliza ugonjwa huu umetoka wapi ghafla hivi.

Haukutoka ghafla. Ulitoa dalili zake tangu siku ya kwanza, na karibu kila siku kulikuwa na jambo ambalo lingefanywa nyumbani, kwa gharama ndogo, kuuzuia usifike hapo. Somo la wiki hii linahusu kuhara kwa watoto wadogo, hasa kunakosababishwa na virusi vya rota. Nataka msomaji akimaliza awe anajua mambo matatu: jinsi ugonjwa huu unavyomdhuru mtoto, la kufanya tangu saa ya kwanza, na namna ya kuuzuia.

KUHARA NI NINI?

Tunasema mtoto anahara anapopata choo cha majimaji mara tatu au zaidi katika muda wa saa 24. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kupata choo laini mara nyingi kwa siku na asiwe mgonjwa hata kidogo. Kinachopaswa kumshtua mzazi ni mabadiliko: choo ambacho jana kilikuwa laini, leo kimekuwa maji matupu na kinakuja mara nyingi kuliko kawaida.

Vinavyosababisha kuhara ni vingi. Kuna bakteria, kama vile wale wa kipindupindu na wa kuhara damu. Kuna vimelea kama amiba. Na kuna virusi, ambao ndio huwapata watoto wadogo zaidi. Miongoni mwa virusi hao, rota ndiye kinara wa kuhara kukali kwa watoto wa chini ya miaka mitano duniani kote.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari walikuwa hawajui chanzo cha kuhara kwa watoto wengi waliolazwa hospitalini. Mwaka wa 1973, mtaalamu Ruth Bishop na wenzake katika mji wa Melbourne, Australia, walichunguza vipande vidogo vya utumbo wa watoto wagonjwa kwa darubini ya elektroni, wakaviona virusi hivi. Kwa kuwa vina umbo la mviringo kama gurudumu, vilipewa jina la rota, neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya gurudumu.

UNAVYOAMBUKIZWA

Virusi vya rota hutoka katika kinyesi cha mtoto mgonjwa na kuingia kinywani mwa mwingine. Hupitia mikononi, kwenye vikombe na chupa za maziwa, vitu vya kuchezea, nguo, vitasa vya milango, meza ya kubadilishia nepi, na vilevile katika maji na vyakula vilivyochafuka. Gramu moja tu ya kinyesi cha mtoto mgonjwa huwa na mabilioni ya virusi hivi, ilhali virusi visivyofika mia moja vinatosha kumwambukiza mtoto mwingine. Tena vinaweza kukaa siku kadhaa juu ya meza au sakafu vikiwa hai.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi wa mijini hawalitarajii. Usafi hupunguza sana kuhara kunakoletwa na bakteria na vimelea, lakini rota ni mjanja zaidi. Kabla ya chanjo kuanza kutumika, karibu kila mtoto duniani alikuwa ameambukizwa virusi hivi angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka mitano, awe amezaliwa London au Nairobi, awe wa nyumba ya ghorofa au ya mabati. Kwa hivyo mzazi ambaye mtoto wake amepata rota hana haja ya kuona haya kana kwamba nyumba yake ni chafu.

Tofauti kubwa kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini haiko katika kuambukizwa. Iko katika kile kinachofuata. Vifo vingi mno vya rota hutokea katika nchi maskini za Afrika na Asia, kwa watoto ambao hawakupewa maji kwa wakati, ambao walikuwa tayari na utapiamlo, au ambao hospitali ilikuwa mbali. Makadirio ya wataalamu yanaonyesha kwamba mwaka wa 2000 rota iliwaua watoto zaidi ya 500,000 duniani. Kufikia mwaka wa 2013 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi takriban 215,000. Ni kupungua kukubwa, lakini bado ni watoto wengi mno kufa kwa ugonjwa ambao tiba yake ni maji yenye chumvi na sukari.

UNAVYOANZA

Baada ya mtoto kuambukizwa, siku mbili hivi hupita kabla ya dalili kuonekana. Mara nyingi huanza kwa kutapika na homa. Kisha kuhara hufuata, choo kikiwa maji matupu bila damu, mara nyingine zaidi ya mara kumi kwa siku. Kutapika hupungua baada ya siku moja au mbili, lakini kuhara kunaweza kuendelea kwa siku tatu hadi nane.

Wanaoumia zaidi ni watoto wa kati ya miezi mitatu na miaka miwili. Maambukizo ya kwanza ndiyo huwa makali kuliko yote. Yanayofuata huwa mepesi, kwa sababu mwili umeshamjua adui. Mtu mzima naye anaweza kuambukizwa anapomlea mtoto mgonjwa, lakini kwa kawaida huumwa na tumbo kidogo tu, au asione lolote.

Wazazi wengi husema kuhara huku ni kwa sababu ya meno. Meno hayaleti kuhara. Ukweli ni kwamba meno huanza kuota wakati ule ule mtoto anapoanza kula vyakula, kutambaa, na kutia kinywani kila anachookota, huku kinga aliyoipata kwa mama yake tumboni ikiwa imepungua. Mambo haya hukutana kwa wakati mmoja, na meno yakasingiziwa. Hatari ya imani hii ni kwamba mzazi huketi akingoja meno yamalize kuota, ilhali mtoto anakauka.

KWA NINI KUHARA HUUA

Ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vidogo mno, mfano wa nyuzi za zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza maji, chumvi na chakula. Virusi vya rota hushambulia ncha za vinyweleo hivi na kuziharibu. Maji yaliyopaswa kuingia mwilini hubaki ndani ya utumbo, na mengine hutoka mwilini kuja huko, kisha yote hutoka nje pamoja na chumvi za mwili. Mtoto anapotapika pia, anapoteza maji kwa njia mbili. Akiwa na homa, ni njia ya tatu.

Tutumie hesabu kidogo. Chukua mtoto wa kilo 8. Akipoteza maji yenye uzito wa asilimia 5 ya mwili wake, yaani mililita 400, ataanza kuonyesha dalili za kukauka. Mililita 400 ni soda ndogo moja na theluthi yake. Akipoteza asilimia 10, yaani mililita 800, maisha yake yamo hatarini. Mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kupoteza lita tatu na nusu ili afikie kiwango cha kwanza tu. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuhara siku mbili na bado aende kazini, ilhali mtoto anaweza kuzidiwa kabla jua halijatua.

Kwa hivyo, mzazi ashike jambo hili: kinachomuua mtoto anayehara kwa kawaida si kijidudu chenyewe. Ni kupungukiwa na maji na chumvi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya ya mtoto anayehara yanazoleka, mradi uanze mapema.

MAJI YA ORS

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa utumbo umeharibika na haufyonzi maji, kumnywesha mtoto maji kuna faida gani? Jibu ni kwamba ukuta wa utumbo una mlango mwingine. Chumvi na glukosi zikifika pamoja na kwa vipimo vinavyofaa, hupita katika mlango huo kwa kushikana mikono, na maji huzifuata. Mlango huu huendelea kufanya kazi hata wakati mtoto anahara. Maji matupu hayaupiti vizuri, na sukari nyingi bila chumvi huharibu mambo zaidi.

Ujuzi huu ndio uliozaa ORS. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya kupigania uhuru wa Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi za wakimbizi nchini India. Dripu zilipokwisha, Dkt Dilip Mahalanabis na wenzake walichanganya chumvi na glukosi katika maji, wakawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa takriban watu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Dawa hiyo ya wakimbizi ndiyo inayouzwa leo katika kila duka la dawa mjini, tena kwa bei isiyomshinda mtu wa kawaida.

Namna ya kuichanganya ni hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti ujue inahitaji maji kiasi gani, kwa maana ziko za mililita 500 na ziko za lita moja. Tumia maji ya kunywa yaliyo safi, yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya klorini. Chupa tupu ya maji au soda ya mililita 500, iliyooshwa vizuri, ni kipimo kizuri. Mimina pakiti yote, koroga hadi iyeyuke. Usigawe pakiti nusu kwa kukisia. Usiongeze sukari, maziwa, sharubati wala soda, na usiyachemshe maji baada ya kuyachanganya. Yafunike, na yakikaa saa 24 yamwage uchanganye mengine.

Vipimo ni muhimu. Maji yakiwa machache, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi, dawa inapungua nguvu.

Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Wa miaka miwili na zaidi apewe mililita 100 hadi 200. Haya ni nyongeza juu ya vinywaji vyake vya kawaida.

AKITAPIKA JE?

Hapa ndipo akina mama wengi hukata tamaa. Mtoto mwenye kiu hupewa kikombe kizima, anakigugumia, kisha anakitapika chote. Mama anasema, "Daktari, hata hayo maji hayakai tumboni."

Hukaa, yakitolewa polepole. Ngoja dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Kijiko kinaonekana kidogo, lakini turudi kwenye hesabu. Kijiko cha chai ni mililita 5. Ukimpa kimoja kila dakika mbili, kwa saa moja umempa mililita 150, na kwa saa nne mililita 600. Mtoto wa kilo 8 aliyeanza kukauka kwa kiasi huhitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake katika saa nne, ambayo ni mililita 600 hizo hizo. Yaani kijiko cha mama mwenye subira kinaweza kufanya kazi ambayo wengi hudhani ni ya dripu peke yake. Mtoto aliyefikia hali hiyo apelekwe kliniki apimwe na kunyweshwa mbele ya wahudumu, lakini safari haizuii kijiko. Mnyweshe mkiwa kwenye matatu, mnyweshe mkiwa kwenye foleni.

Nyumba isipokuwa na ORS usiku wa manane, mpe maziwa ya mama, uji mwepesi, maji ya mchele yaliyotiwa chumvi kidogo, au maji safi, huku mkingoja duka lifunguliwe. Maji ya chumvi na sukari ya nyumbani yanaweza pia kutumika kama njia ya dharura: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu visijae mlima. Yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage. Lakini pakiti ni salama zaidi, na nyumba yenye mtoto mdogo yafaa iwe na pakiti mbili kabatini wakati wote.

Soda, juisi za dukani, na unga wa glukosi unaouzwa kwa mikebe si badala ya ORS. Sukari yake ni nyingi na chumvi hakuna. Huvuta maji zaidi kuja utumboni na kuhara kukaongezeka.

ZINKI NA CHAKULA

Tangu mwaka wa 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupendekeza kwamba kila mtoto anayehara apewe ORS pamoja na zinki. Zinki hufupisha ugonjwa, hupunguza ukali wake, na hupunguza uwezekano wa mtoto kuhara tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa tembe moja ya miligramu 20 kwa siku. Wa chini ya miezi 6 hupewa nusu tembe, yaani miligramu 10. Tembe huyeyushwa katika kijiko kwa maji safi, ORS au maziwa ya mama. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha siku ya tatu kuhara kunapokoma, wakapoteza faida iliyokuwa mbele.

Na chakula? Iko desturi ya kumnyima mtoto chakula "ili tumbo lipumzike." Desturi hii imewadhuru wengi. Utumbo unahitaji chakula ili ujitengeneze upya, na mtoto aliyefungishwa hutoka katika ugonjwa amekonda, akawa windo rahisi la ugonjwa unaofuata. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Anayekula apewe chakula laini kidogo kidogo mara nyingi: uji, viazi vilivyopondwa, ndizi, wali uliolainika, maharagwe yaliyopondwa, maziwa ya mala. Akipona, aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi ili arudishe uzito aliopoteza.

DAWA ZISIZOFAA

Mara nyingi mama huingia kliniki na mfuko wenye chupa nne: dawa ya kuua bakteria, Flagyl, dawa ya kuzuia kutapika na dawa ya kufunga tumbo. Ametumia pesa nyingi. Ukimuuliza kama mtoto amepewa ORS, anajibu kwamba hakuambiwa, au kwamba alidhani hiyo si dawa.

Dawa za kuua bakteria haziwezi kuua virusi vya rota. Flagyl ni ya amiba, jiadia na baadhi ya bakteria, si ya kila anayehara. Dawa hizi zina kazi yake: mtoto anayehara damu, au aliye na kipindupindu, huenda akazihitaji kwa agizo la daktari. Zikitumiwa ovyo zinaweza kuzidisha kuhara kwenyewe, na huwafanya bakteria wazizoee hata zisifanye kazi siku zinapohitajika kweli.

Dawa za kufunga tumbo kama loperamaidi ni hatari kwa watoto wadogo. Zinaweza kuulaza utumbo ukaacha kusukuma, tumbo likafura, huku maji yakiendelea kujaa ndani yasikoonekana. Mzazi huona choo kimekoma akadhani amepona.

Zipo pia tiba za mtaani. Utosi wa mtoto ukibonyea, wengine humpeleka apakwe dawa utosini. Utosi hubonyea kwa sababu maji yamepungua mwilini, nao huinuka wenyewe maji yakirudi. Wengine hung'oa kile wanachokiita meno ya plastiki kwa msumari au spoku ya baiskeli. Wanachoking'oa ni meno halisi ya mtoto ambayo bado hayajatokeza. Watoto hutoka damu nyingi, hupata maambukizo, na wengine hufa, ilhali kuhara kuko pale pale.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mtoto hospitalini bila kuchelewa, ukiendelea kumnywesha ORS njiani, ukiona mojawapo ya mambo haya:

- Amelegea, analala mno kuliko kawaida, au hazinduki vizuri.
- Hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu hata akinyweshwa kwa kijiko.
- Macho yamezama, au analia bila machozi.
- Ngozi ya tumbo ukiifinya kwa vidole na kuiachilia, hukawia kurudi mahali pake.
- Hajakojoa kwa saa sita au zaidi, au mkojo ni kidogo na wa rangi nzito.
- Kuna damu katika choo.
- Ana homa kali au amepatwa na kifafa.
- Ana umri wa chini ya miezi miwili, ana utapiamlo, au anaishi na virusi vya ukimwi.
- Kuhara kumefika siku 14.

Nepi za siku hizi hunyonya kila kitu, na mzazi hushindwa kujua kama ni mkojo au choo cha maji. Mtoto anapohara, ibadilishe mara kwa mara na uitazame vizuri.

CHANJO

Kinga ni bora kuliko tiba. Kenya ilianza kutoa chanjo ya rota kwa watoto wote mwezi wa Julai 2014. Si sindano, ni matone ya mdomoni. Ilipoanza ilitolewa mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10. Ziko chanjo za rota za aina mbalimbali, nyingine za doze mbili na nyingine tatu, kwa hivyo fuata tarehe anazoandika nesi katika kijitabu cha kliniki.

Faida yake imeonekana hapa hapa nyumbani. Watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa hospitalini katika kaunti za Kilifi na Siaya waliona kwamba miaka michache baada ya chanjo kuanza, waliolazwa kwa sababu ya rota walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu.

Wazazi huniuliza mambo mawili. La kwanza: "Mtoto wangu alichanjwa, mbona amehara?" Chanjo huzuia rota peke yake, nayo si sababu ya kila kuhara. Na hata dhidi ya rota, haiwakingi wote, ila hupunguza sana uwezekano wa mtoto kuugua vibaya kiasi cha kulazwa.

La pili: "Nimesikia inasokota matumbo." Hofu hii ina chanzo. Chanjo ya kwanza ya rota, iliyoitwa RotaShield, iliondolewa sokoni Marekani mwaka wa 1999 baada ya watoto wachache kupatwa na hali ambapo sehemu ya utumbo huingia ndani ya nyingine. Chanjo za sasa ni nyingine. Katika baadhi ya nchi hatari hiyo imeonekana kwa watoto wachache mno katika kila laki moja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2018, uliohusu nchi saba za Afrika ikiwemo Kenya, haukuona hatari hiyo ikiongezeka kwa watoto waliopewa chanjo ya doze mbili. Hata hivyo, mtoto yeyote, awe amechanjwa au la, akianza kulia ghafla kwa vipindi huku akikunja miguu, akitapika, na kutoa choo chenye damu kama jeli, apelekwe hospitalini mara moja.

USAFI BADO NI NGUZO

Chanjo haiondoi haja ya usafi, kwa kuwa haizuii kipindupindu, kuhara damu wala amiba. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kutoka chooni, baada ya kumbadilisha mtoto nepi, kabla ya kupika na kabla ya kumlisha. Mfundishe na yaya afanye hivyo, naye awe na sabuni ya kutumia, kwa maana ndiye anayeshinda na mtoto. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni. Si kweli kwamba hakina madhara kwa kuwa ni cha mtoto.

Maji ya mitungi yanayouzwa kwa mikokoteni wakati wa mgao hayajulikani yametoka wapi. Yachemshe hadi yatokote, au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha uyahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji. Baada ya hapo tumia kikombe na kijiko badala ya chupa yenye chuchu, ambayo ni vigumu kuisafisha. Unapomwacha mtoto kwa watu wanaolea watoto wengi pamoja, uliza wanaohara hutengwa vipi na mikono huoshwa wapi.

KATA UHIFADHI

Mzazi anaweza kukata sehemu hii na kuibandika ukutani jikoni:

1. Mtoto akihara, anza ORS siku hiyo hiyo, tangu choo cha kwanza cha majimaji.
2. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kwa kijiko kila dakika moja au mbili.
3. Mpe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma.
4. Usikatize kunyonyesha wala chakula.
5. Usimpe dawa ya kufunga tumbo wala ya kuua bakteria bila agizo la daktari.
6. Ukiona dalili ya hatari, nenda hospitalini hata kama ni usiku.
7. Hakikisha amepata doze zote za chanjo ya rota.

Leo jioni, kabla ya kulala, fungua kabati utazame kama pakiti ya ORS imo, kisha ufungue kijitabu cha kliniki utazame tarehe ya chanjo. Mtoto wa jirani akianza kuhara usiku, wewe ndiwe utakayebishiwa hodi.